Mashine ya kuoshea kwa presha ya maji kwenye baraza la mbao: naipa nyota tatu

Nina vyumba vinne vya wageni Jambiani, Zanzibar, na mbele yake baraza la mbao linalotazama bahari, mita 6 kwa 4. Mbao ni paini iliyotiwa dawa, ya kutoka Mafinga, imevushwa kwa boti. Wageni huliita deki. Kwetu deki hupigwa kwa tambara na ndoo, na miaka mitatu ndivyo nilivyolisafisha. Masika ya mwaka huu yakanishinda. Koga ya kijani ilitanda mpaka kwenye ngazi, mgeni mmoja akateleza na kikombe cha chai mkononi. Yeye alicheka. Mimi nilikuwa natazama mgongo wake.

Kwanza nilimwita kijana anayeosha magari, na mashine yake ya petroli. Elfu hamsini, nusu siku. Alipopiga ubao wa kwanza nilishangilia: kijani chote kimekwenda, mbao nyeupe kama imetoka kwa seremala jana. "Umeona, mama?" Nikamwambia nimeona. Kumbe nilikuwa bado. Jua lilipokausha ndipo nikaona. Paini ina mstari laini na mstari mgumu. Maji yalikuwa yamekula ule laini, yakaacha migongo kama ya bati, na nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyekutana na mbwa. Kila alipoanzia kubana bunduki ya maji pana kovu. Jioni hiyohiyo nilikuwa na sindano, namtoa mtoto wa mgeni kibanzi kisiginoni. Kijana alikuwa amefunga nozeli nyekundu, ile inayotoa maji membamba kama msumari, kwa sababu ndiyo inayong'oa tope kwenye ringi za gari. Na mimi nilisimama pale namsifu.

Sasa nina yangu ndogo ya umeme, ya mtumba, nimeinunua Mjini kwa laki mbili na nusu. Ubavuni imeandikwa bar 110 (bar ni kipimo cha presha), wati 1400, lita 360 kwa saa. Bar 110 ni nyingi mno kwa paini. Mbao laini hazitaki zaidi ya bar 35 au 40. Bahati nzuri fimbo yake ya kutolea maji huzungushwa kupunguza nguvu. Naishusha mpaka mwisho, maji yatoke yametanuka mapana, na sisogei karibu zaidi ya futi moja. Bunduki naibana nikiwa nimeelekeza pembeni, ndipo naileta juu ya ubao, nikifuata urefu wake bila kusimama. Ukisimama kupokea simu, umechora.

Lakini niseme kweli: kazi hufanywa na brashi. Namwaga maji ya sabuni ya unga, nasubiri robo saa, nasugua kwa nguvu, na kwenye nafasi za katikati ya mbao napitisha fagio la chelewa. Mashine inasuuza tu, ila inasuuza vizuri kuliko ndoo arubaini.

Umeme si tatizo, saa mbili za kusuuza hazifiki uniti tatu. Maji ndiyo yenye maneno. Saa hizo mbili zilinywa kama lita 700, na tangi langu ni la 1000. Nilijaribu ya kisima nikajuta; yana mchanga, kichujio cha pale mpira unapoingia kiliziba mara mbili, mashine ikawa inakohoa. Na mpira wake wa presha ni mita tatu tu, kwa hiyo unaiburura mashine kama mbuzi wa Idi, huku unachunga soketi ya waya wa kuunganishia isiguse maji. Mimi nimeitundika kwenye nguzo. Kelele nazo zipo: usiwashe kabla wageni hawajenda ufukweni.

Mbao tano zilizoliwa nilizing'oa nikazigeuza chini juu. Nyingine nilizipiga msasa baada ya kuziacha zikauke siku mbili, ndipo nikapaka mafuta ya mbao. Mpira ungekuwa wa mita nane, ningeongeza nyota ya nne.

Kijana wa magari alipita juzi, akaitazama mashine yangu akacheka: "Mama, hii si ya kuoshea vyombo?" Nikamkabidhi brashi, aanze na ngazi.