Uzoefu wangu na GPS ya DroneCAN kwenye droni yenye waya mrefu

Droni ni ya kupulizia dawa, ina mikono sita, na inafanya kazi kwenye mashamba ya zabibu upande wa Hombolo. Kutoka kwenye Pixhawk, kompyuta inayoongoza droni, hadi juu ya mlingoti wa GPS, waya una mita 1.5. Kwa urefu huo, GPS yenye dira inayotumia DroneCAN (mfumo wa vifaa vya droni kuwasiliana kwa waya za CAN) naipa nyota nne kati ya tano.

GPS ya kawaida hupitisha data ya setilaiti kwenye UART, njia ya waya ya kutuma data kati ya vifaa viwili, na UART haisumbuki sana na mita moja na nusu. Kinachokwama ni dira, kwa sababu yenyewe hutumia I2C, njia iliyobuniwa kwa chipu zinazokaa jirani kwenye bodi moja. Kapasitansi (uwezo wa waya kuhifadhi chaji) ya laini nzima ya I2C haitakiwi kuzidi pikofaradi 400, na kila mita ya kebo huongeza yake. Wengi hukimbilia kebo yenye ngao. Ngao huongeza kapasitansi zaidi, kwa hiyo dira inayokatika mara mojamoja inaweza kupotea kabisa.

CAN hutuma ishara kwa waya mbili zilizosokotwa, CAN H na CAN L, na mpokeaji husoma tofauti kati yake. Kelele za ESC, vidhibiti vya mwendo wa mota, huingia kwenye waya zote mbili kwa pamoja, zikafutika. Sokota mzunguko mmoja kila sentimita 2 au 3. Kwenye ArduPilot, programu inayoendesha droni, weka CAN_P1_DRIVER iwe 1, CAN_D1_PROTOCOL iwe 1 na GPS_TYPE iwe 9 (matoleo mapya huiita GPS1_TYPE), kisha uizime Pixhawk na kuiwasha upya.

Kabla ya kuchomeka betri, pima kwa multimita kati ya CAN H na CAN L. Isome omu 60. Ikisoma 120, mwisho mmoja wa laini hauna kizuizi (rezista) chake cha omu 120. Ikisoma 40, kuna kizuizi cha tatu mahali fulani, mara nyingi ndani ya kifaa ulichounganisha katikati ya laini. Usiruke hatua hii, maana laini yenye omu zisizo sahihi inaweza kufanya kazi vizuri mezani, ikaanza kukosea mota zikivuta umeme mwingi.

Ila CAN inalinda data tu. Dira yenyewe bado inahisi sumaku ya waya za betri. Waya mmoja wenye ampea 100, ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye dira, hutoa mikrotesla 200, wakati uga wa dunia hapa Dodoma ni kama 33. Karatasi ya aluminiamu haizuii sumaku hiyo. Dawa yake ni kulaza chanya na hasi pamoja, zimesokotwa, na kupandisha mlingoti. Kisha fanya CompassMot, kipimo cha ArduPilot cha jinsi umeme wa mota unavyovuruga dira: geuza propela zisukume droni chini, ifunge imara, watu wakae mbali. Usumbufu wa chini ya asilimia 30 ni salama. Ikipita 60 usiruke. Droni yenye dira iliyochafuka huanza kuzunguka angani kama mwewe, duara likipanuka, na ukiipeleka kushoto inakwenda kwingine.

Mikono ikiwa mirefu, ongeza urefu kwenye waya tatu za mota, usiongeze kati ya betri na ESC. Waya mrefu wa betri hurudisha miruko ya volti inayoua kapasita za ESC. Ikibidi, ongeza kapasita ya ESR (ukinzani wa ndani) ndogo, kama mikrofaradi 220 kwa kila sentimita 10 za ziada; kwa betri ya 12S (seli 12 mfululizo) kapasita isiwe chini ya volti 63.

Kebo ya antena nayo usiirefushe. RG174, kebo nyembamba ya antena, kwenye 2.4 GHz hupoteza zaidi ya desibeli 1.5 kwa mita, kwa hiyo mita mbili zimekula nusu ya nguvu. Sogeza redio karibu na antena, urefushe waya wa data.

Nyota iliyokosekana ni ya plagi za JST-GH, zile ndogo zinazounganisha waya wa GPS. Kishikizo chake ni kidogo kuliko punje ya mchele, na mtetemo pamoja na vumbi la kiangazi huchosha pini. Mwisho wa kila siku ya kazi, vuta kila plagi taratibu bila kubonyeza kishikizo. Ikichomoka, kata na ufunge mpya kabla ya kuruka tena.