Kliniki ile niliapa sirudi, lakini kisigino kilishuka

"Mtoto mwenyewe haelewi, mama. We mshike tu." Ndivyo tulivyopokelewa kliniki, na yakinijia maneno yale nikiwa naosha vyombo, sufuria ndiyo inakoma.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Kuongea haongei, ila luku ikikaribia kuisha yeye ndiye wa kwanza kuninyooshea kidole kwenye mita. Haelewi nini huyo?

Tulipelekwa kwa ajili ya vigimbi. Vimekaza mpaka anasimama kwa ncha za vidole, na splinti, kile kifaa cha kuushikilia mguu unyooke, kila asubuhi tunaivaa kwa vita. Wakasema kuna mashine ya mawimbi ya mshtuko, ya kulegeza msuli. Ina kichwa kama bastola, unapakwa jeli, halafu inagonga ta-ta-ta-ta kama mafundi bati wa Gerezani. Sasa mtu yeyote aliyelea mtoto wa hali hii anajua: kelele ya ghafla ikimshtua, mwili mzima unakakamaa. Yule kijana wa mashine, ndiye aliyetupokea, hakumwonyesha kitu, hakumsemesha. Akawasha. Mtoto akawa ubao, analia mpaka sauti ikakauka. Na bado akanigeukia: "Unaona alivyokaza? Mnachelewa sana kuwaleta." Tumechelewa! Sisi tunaonyoosha hiyo miguu kila siku ya Mungu tangu hajaota meno!

Nilitoka nimeapa nitamwambia kila mzazi asipeleke hela yake pale.

Ila kesho yake kisigino kikagusa sakafu. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Splinti ikaingia bila ugomvi, na usiku akalala bila kuamka kwa mikazo. Hakuna sindano, na hakusinzia mchana kutwa kama tulipokuwa kwenye baclofen, dawa ya kulegeza misuli.

Nikarudi, ndiyo, nimevunja kiapo changu. Safari hii nikamwambia yule kijana, anza na mimi, hapa kiganjani. Mwanangu akaona mkono wa mama unavyotetemeka, akacheka mpaka udenda. Mapigo 1,500 kila mguu, na chozi hata moja hakutoa. Kijana kimya, samahani hana.

Baada ya wiki kadhaa ugumu umeanza kurudi, maana mashine inalegeza msuli, ubongo haiugusi. Mazoezi ya nyumbani yako palepale. Hilo nalo nililijua kwa kuuliza mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Juzi wamenipigia miadi mipya. Nikauliza zamu ya nani. Yule yule. Nimechukua ya saa mbili asubuhi, kabla hajachoka na watoto wa wenzangu.