Tahadhari kwa mafundi seremala wa Tabora: ruta ya kwenye boksi si ile mliyoonyeshwa

Ndugu mafundi wenzangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo iliyoninyamazisha kwa siku tisa. Mtu mwenye miaka kumi na tisa kwenye mbao, ambaye vijana humfuata kumuuliza msumeno upi ununuliwe na upi uachwe, ameuziwa ganda la ruta, ile mashine ya mkono ya kuchongea mifereji kwenye mbao, kwa shilingi 780,000, mchana kweupe, hapa hapa Tabora mjini, tena akashukuru.

Kwa nini nilikuwa naitafuta wengi wenu mnajua. Nina oda ya milango ya mninga, ruta yangu ndogo imeungua, na mdogo wangu ninayefanya naye kazi kifua chake hakivumilii vumbi, hata usingizi kinamnyima. Nilitaka ruta nzito ya wati zisizopungua 2,000, yenye koleti (tundu linalobana shina la kisu cha kuchongea) ya nusu inchi, na zaidi ya yote yenye kifuniko na mdomo wa kuunganisha bomba la mashine ya kunyonya vumbi, kwa sababu vumbi la mninga ni laini kama unga wa sembe, huwasha pua na kuamsha pumu, na vumbi la mbao kwa jumla limewekwa na wataalamu tangu 1995 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Muuzaji alikuwa ameegesha gari aina ya Noah kando ya barabara, ameweka meza na ubao wa mninga juu yake, na umeme ameuvuta kutoka duka la jirani. Alinisalimu kwa "Mwangaluka" akiwa ameinama kidogo, kama kijana aliyelelewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha habari ya bidhaa feki: "Mzee wangu, siku hizi feki zimejaa, usinunue kitu bila kukijaribu." Akafunga kisu cha nusu inchi, akaunganisha bomba, akaniachia mashine mikononi. Iliamka taratibu bila kuruka, ikashika mwendo, na mfereji nilioutoa ulikuwa na kuta laini ambazo hazikuhitaji msasa. Kisha akaniambia nipitishe kiganja juu ya ubao. Nikapitisha, kikatoka safi. Kiganja kile ndicho kilichoniponza, kwa kuwa tangu hapo sikuwa nanunua mashine tena, nilikuwa nanunua usingizi wa mdogo wangu.

Nikasema nachukua hiyo hiyo. Akacheka kwa adabu: "Hii ni ya kuonyeshea, mzee, imeshazunguka mikoa mitatu. Nikikupa hii kwa bei ya mpya nitakuwa nimekuibia." Akafungua mlango wa nyuma, palikuwa na maboksi sita, akaniambia nichague mwenyewe. Nami nikachagua, tena kwa madaha, nikilipima hili na kuliinua lile kama mtu anayenunua tikitimaji, nikaishia kwenye la tatu kutoka juu. Akakata gundi, akanionyesha kichwa cha mashine na kibandiko chenye namba ileile ya kwenye boksi, kisha akalifunga upya ili, kwa maneno yake, vumbi lisiingie njiani. Kutoka 850,000 alishuka kwa shida, akilalamika hadi nikamwonea huruma, na akaniongezea visu vinne vya bure. Sasa niambieni kwa haki, nani kati yenu asingemwamini mtu wa namna hiyo? Mke wangu aliniuliza swali moja tu, kwa nini sikuchukua ile niliyoijaribu, na mpaka leo sijamjibu.

Tulipolifungua boksi karakana, chini ya maboya meupe ya kufungashia palikuwa na vipande viwili vya marumaru vilivyofungwa kwa nailoni, na huo ndio uzito niliokuwa naupima kwa madaha. Koleti ni ya robo inchi, hivyo visu vyake vya bure havikuingia hata kimoja. Mdomo wa kunyonyea vumbi ulipokea bomba vizuri kabisa, lakini kwa ndani umezibwa kwa plastiki ileile, yaani haukuwahi kutobolewa, na mashine ya kunyonya ilinguruma bure. Tulipojaribu kwa kisu chetu kidogo, iliruka mkononi ilipowashwa, ikatoa moshi kabla ya kumaliza shubiri moja ya mninga, kisha kisu kikateleza kutoka kwenye koleti na kupita karibu na kidole cha mdogo wangu. Fundi wa kusuka mota alipoipasua alikuta waya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba.

Huyu mtu simwiti mfanyabiashara. Nataka akamatwe, arudishe fedha ya kila fundi aliyemwibia kuanzia mkoa wa kwanza hadi huu, na maboksi yake yateketezwe mbele ya macho yake, kisha afungwe kifungo ambacho ndani yake atapiga randa mninga kila siku bila barakoa. Nimeshatoa taarifa polisi, na nitawaandikia Tume ya Ushindani, ambao ndio wanaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 na wana uwezo wa kukamata na kuharibu bidhaa bandia. Faini peke yake haitanituliza.

Dalili zilikuwapo, nami sikuziangalia. Risiti yake ni ya kuandika kwa mkono, kwa madai kwamba mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, haina mtandao. Waya wa umeme ni mwembamba kama wa redio, ilhali wati 2,100 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9. Kitufe cha kupunguza mwendo kinazunguka kutoka 1 hadi 6 na mota haisikii lolote, jambo ambalo kwa kisu kipana lingetuua. Na mdomo wa vumbi, jamani, ungetosha kuupuliza kwa kinywa.

Namba yake ya simu haipatikani tangu jioni ile, na nasikia Noah imeelekea upande wa Urambo, kwa hiyo wenzetu wa Urambo, Kaliua na Kigoma wapelekewe ujumbe huu leo. Mabaki ya mashine pamoja na yale marumaru yapo karakana, nyuma ya meza ya randa. Anayetaka kuyaona aje kabla ya Alhamisi, siku ambayo polisi wameniagiza niyapeleke kama kielelezo.