Tekscha za jinzi kuukuu: dola 18 mtandaoni, au shilingi 50 Kibuye?

Furushi la tekscha, yaani picha za uso wa kitambaa za kuvisha modeli za kompyuta, nililonunua mtandaoni, jina nalihifadhi, lilikuwa na vitambaa 40 vilivyoelezwa kuwa "vimevaliwa miaka". Nikaivika denimu yake suruali niliyokuwa naitengenezea modeli kwenye Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D, maana mteja wangu hapa Kisumu hulipa amana akishaiona nguo ikizunguka kwenye skrini.

Ukiisogelea, sina neno: msuko umelala vizuri, uzi kwa uzi. Ukirudi nyuma hatua mbili ndipo aibu inapoanza. Mpauko ule ule uko gotini, pajani, hadi kwenye mkanda! Nani huchakaza jinzi kwa mkanda wa kiuno?

Rangi ya indigo haizami hadi kiini cha uzi, hukaa juu juu. Kwa hiyo weupe huchungulia pale tu panaposuguliwa: midomo ya mifuko, mgongo wa mshono, goti, ule mstatili wa simu pajani. Pembeni mwa mshono, kwenye bonde, bluu hubaki nzito. Furushi lingejuaje mtu huweka simu mfuko upi?

Jumapili nikaenda Kibuye, soko la mitumba hapa Kisumu. Wenzangu waligombania kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, mimi nikainamia fagia, lundo la masalio, nikachomoa jinzi kuukuu. Mama muuzaji akanitazama. "Nyathina (mwanangu), hiyo ni ya kulimia." Nikamwambia, "Ndiyo naitafuta, mama." Shilingi 50.

Jinzi hiyo niliipigia picha barazani siku ya mawingu, bila fleshi, simu ikiwa sambamba na kitambaa. Ukipiga juani, kivuli cha kila kunyanzi kinaingia kwenye tekscha, halafu taa za programu zinaongeza cha pili na nguo inaonekana chafu. Goti, pindo na mfuko nilivihamisha kutoka kwenye picha hadi kwenye modeli kwa brashi ya kunakili, kila kimoja mahali pake. Kingo nilizipausha kwa Pointiness, kipimo cha ndani ya Blender ambacho hupima panapochomoza kwenye modeli. Jioni nzima niliona haifanyi kitu, kumbe nilikuwa kwenye Eevee, injini moja ya Blender ya kutoa picha, na Pointiness inafanya kazi kwenye injini nyingine, Cycles, tu, tena modeli iwe na nukta za kutosha.

Jambo jingine furushi lililolikosa ni mng'ao. Ramani yake ya ukwaru, picha inayoiambia programu wapi pang'ae na wapi pafifie, ni kijivu kimoja kuanzia juu hadi chini. Kitambaa kikizeeka hakibadiliki rangi peke yake. Kumbuka suruali ya sare ya shule, ile ya poliesta, inavyong'aa makalioni kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Pale ukwaru unapaswa kushuka hata kama rangi haijaguswa.

Furushi nalipa nyota 2 kati ya 5, zote za msuko. Bado nautumia kama kitambaa kipya, kabla sijakichakaza mwenyewe. Kibuye nilikuwa niipe 5. Lakini yule mama sasa ananiwekea zilizotoboka kando, na juzi kanitajia 150.