Darubini ya macho mawili au ya bomba?

Anayeanza kutazama nyota huuliza anunue ipi. Kwa bei, ile ya macho mawili ya 10×50 (inakuza mara 10, lenzi za milimita 50) inashinda waziwazi. Unaivaa shingoni, unatoka uani, basi. Ielekeze kwenye Kilimia, lile kundi la nyota: pale macho matupu yanapohesabu nyota sita, zitamwagika nyingi, za buluu, kama chumvi kwenye kitambaa cheusi. Hata miezi minne ya sayari ya Mushtarii, aliyoiona Galileo mwaka 1610, utaiona, mradi uegemeze viwiko ukutani mikono isitetemeke.

Kwa pete za sayari ya Zohali, hata hivyo, hiyo haitoshi. Hapo inahitajika ya bomba, tuseme yenye kioo cha milimita 114, ikuze mara 50 hivi. Mara ya kwanza kuziona nilinyamaza kabisa. Ila ni nzito, na vioo vyake huhitaji kupangwa upya vikitikisika njiani.

Pwani, unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi za zote mbili. Na yoyote utakayochukua, usiielekeze kamwe kwenye jua.

Anayeishi ghorofani au kusafiri sana, achukue ya kwanza. Mwenye uwanja, na watoto wa kupanga foleni, bomba litamfaa zaidi.