TAHADHARI: Kuna watu wanauza kiwanja Isyesye hapa Mbeya, na "upekuzi" (kuulizia kwenye ofisi ya ardhi kiwanja ni cha nani na kina deni gani) wanakufanyia wao wenyewe. Nimelizwa milioni 9 na nusu

Nimekaa na hili jambo wiki tatu. Mume wangu alisema nisiandike, tutachekwa. Shemeji naye alisema nisiandike, ila yeye ana sababu zake. Jana jioni nikaambiwa kuna mwalimu kaonyeshwa kiwanja kilekile, na kaahidiwa kwamba mawe yaliyomwagwa pale atapewa kama nyongeza. Mawe yangu! Ndiyo maana naandika, na atakayecheka acheke.

Niwajibu mapema wale watakaokuja na "kwani mama Nuru hukufanya upekuzi?" Nilifanya, na ndicho kinachonichoma. Niliulipia, nikapewa karatasi yenye mhuri, na wino wa ule mhuri ulinibaki kwenye kidole gumba mpaka jioni.

Huyu bwana simtaji jina kwa sababu faili liko polisi na wakili kanikataza. Alikuja kibandani kwangu Mwanjelwa akanunua kilo 20 za mchele wa Kyela bila kuomba nimpunguzie hata mia. Mtu ananunua mchele Mwanjelwa bila kuomba kupunguziwa, nilipaswa kushtuka palepale. Nikaona mstaarabu. Wiki iliyofuata akarudi, akanikuta naongea na simu na mama mdogo wa Tukuyu habari za kutafuta kiwanja, akasubiri nimalize kwa heshima zote, ndipo akasema, "Samahani dada, sikukusudia kusikia." Kiwanja cha kaka yake, kimepimwa, kina hati, kaka yuko Dar anauguza mke na anataka hela haraka. Milioni 12, lakini kwa kuwa ni mimi, milioni 9 na nusu.

Pesa yenyewe wale wa kikoba chetu mnajua ilitoka wapi na ilikuwa ya nini.

Tulikwenda kuona. Mwezi wa tano, asubuhi, ukungu umekaa kule mlima Loleza, nimevaa masweta mawili. Kiwanja kizuri, kimelala vizuri, bajaji inafika mpaka mlangoni. Kulikuwa na maharage yamekaribia kuvunwa. Nikamuuliza maharage ya nani. Akacheka: "Nimemwachia bibi jirani alime, kiwanja kikikaa tupu kinavamiwa." Na kweli watu wanafanya hivyo, hata sisi kile cha Uyole tuliwahi kumwachia mtu. Akasogeza majani kwa kiatu, akanionyesha bikoni, ile alama ya mpaka wanayoweka wapimaji. Nikainama nikaipapasa ile zege kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Bikoni ipo, hati ipo, basi.

Hati niliyoonyeshwa ilikuwa nakala kivuli. Halisi, kasema, iko kwa kaka Dar. Nikapigiwa simu na "kaka" hapohapo, akaongea taratibu, akakohoa, akanipa pole ya baridi ya Mbeya. Mimi nikampa pole ya mgonjwa!

Sasa sikilizeni kilichonimaliza. Nilikuwa na laki tano za kishikauchumba, yaani malipo ya awali, kwenye mkoba, nikazitoa. Akazirudisha. Akanishika mkono na kuusukuma kwangu. "Dada, usinipe hata shilingi. Mjini hapa watu wanatapeliwa. Kwanza tukafanye upekuzi ofisi ya ardhi, ukijiridhisha ndiyo tuongee." Jamani. Mwizi ndiye alinifundisha kujihadhari na wizi. Kuanzia pale angeniambia nimpe ufunguo wa nyumba ningempa.

Jumatatu yake tukakutana mjini. Hatukuingia ofisini. Alisema ndani kuna foleni na yule afisa wake amebanwa, atatoka mara moja tukutane mgahawani. Tukaagiza chai na chapati (nililipa mimi, andikeni na hilo). Akaja kijana wa kama miaka 30, sweta ya bluu, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimegeuka upande wa nyuma, faili la kaki kwapani, kompyuta ndogo mkononi. Alinisalimia "shikamoo mama" na macho yake yako chini. Akafungua kompyuta, akaandika namba ya kiwanja, akasonya, "mfumo uko taratibu leo." Tukasubiri. Nakumbuka nilimuonea huruma, nikamwambia anywe chai kwanza. Akaniambia ada ya upekuzi nitume kwenye namba ya simu ya "mhasibu" ili asinisumbue kupanga foleni benki. Nikatuma. Ikatokea jina la mwanamke. Nikaona sawa, mhasibu anaweza kuwa mwanamke.

Akatoka, akarudi baada ya dakika arobaini na karatasi. Nembo ya taifa juu, jina la kaka, namba ya kiwanja, chini imeandikwa hakuna rehani, hakuna zuio, hakuna deni la kodi ya pango la ardhi. Mhuri bado mbichi, ndiyo nikaugusa. Nikaipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia: "Upekuzi tayari, safi kabisa." Shemeji akajibu tumpeleke wakili aiangalie. Nikamtumia sauti ya dakika mbili kumwambia wapo watu hawapendi maendeleo ya wenzao. Ile sauti bado anayo.

Mkataba ukaja umeshapigwa mhuri wa mtaa. Mwenyekiti eti kasafiri, na tukipita mtaani watadai asilimia kumi, sasa dada hela hiyo si unanunua mifuko ya saruji? Nikaona ananipigania. Halafu kukawa na mfanyabiashara wa Tunduma anakitaka kwa milioni 11 taslimu. Sikulala. Kesho yake Kabwe, ndani ya gari, nilihesabu milioni sita mara mbili kwa vidole vyangu, tatu na nusu nikatuma kwa simu.

Mwezi wa saba nikapeleka lori la mawe. Dereva anashusha, mara akatokea bibi na ungo wa maharage, akasimama, akangoja vumbi litulie.

"Mjukuu wangu, hayo mawe unamshushia nani?"

Nikasema nimenunua hapa, bibi. Hakupiga kelele. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyefiwa, akasema, "Wewe ni wa tatu."

Alinikaribisha ndani, akanipa viazi, akatoa sandukuni barua ya toleo, ile ya kupewa kiwanja na serikali, iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge, na risiti za kodi ya pango za miaka na miaka. Kiwanja chake kiko kitalu D (kitalu ndiyo ile "block" ya viwanja). Hati yangu ilisema kitalu B. Namba ya kiwanja ni ileile! Kumbe namba zinajirudia, kila kitalu kina moja yake, mbili yake, mia tatu yake. Mimi nilikuwa naangalia namba tu, ile herufi ya kitalu sikuiona hata mara moja.

Ndipo nikaenda ardhi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaingia ndani. Kijana wa dirishani akanipa fomu ya maombi ya upekuzi nikajaza mwenyewe, ikatoka namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, nikalipa kwa wakala nikapewa risiti. Majibu hayakuja mezani na chapati, yalichukua siku kadhaa. Kiwanja cha kitalu B ni cha mtu mwingine kabisa, yupo, mzima, hana ndugu wa aina hiyo, na kimewekwa rehani benki. Hati halisi iko benki, haijawahi kufika kwa "kaka" yeyote Dar. Kivuli kilitokaje mikononi mwa matapeli, polisi ndiyo watuambie.

Kwa hiyo nimeuziwa karatasi ya kiwanja kimoja na udongo wa kiwanja kingine, na hakuna hata kimoja kilicho chao.

Polisi nimefungua kesi, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo. Mtu kanishauri niende baraza la kata. Baraza la kata tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu, kesi za ardhi zinaanzia baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Halafu mimi na bibi hatuna mgogoro, shamba ni lake. Mimi nina mwizi. Wakili kaniambia kughushi nyaraka ya umiliki wa ardhi kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha maisha. Niliposikia "maisha" ndiyo nikapata usingizi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mawe. Lakini ningekuwa hakimu mimi nisingemfunga. Ningempa jembe achimbe msingi wa vyumba vitatu, alfajiri, mwezi huuhuu wa saba, bila sweta, na akimaliza nimwambie pole kaka, kiwanja siyo chako, hamia kile cha pili. Na yule wa shikamoo mama abebe mawe.

Watu wananiuliza inbox niliona dalili gani. Dalili zilikuwa mezani. Kitambulisho kimegeuzwa. Ada ya serikali inakwenda kwenye simu ya mtu. Majirani hatukuwauliza, nikiomba tusalimie nyumba ya pili anasema wamekwenda shamba. Mpimaji sikumpeleka, angekuja na ramani ya upimaji na kifaa chake angesoma zile bikoni na kuniambia mama, hapa ni D. Mwenye hati sikumuona uso. Wakili wa mkataba alitafutwa na wao. Na kama ulikonunua hakujapimwa, huko kwenye daftari la msajili hutakuta kitu hata ukipekua mwaka mzima, huko ni serikali ya mtaa au kijiji na waliopakana nawe, na uwakute wenyewe, siyo mhuri wao tu. Mengine ulizeni wanaojua, mimi ndiyo kwanza nimehitimu na ada nimelipa milioni 9 na nusu.

Huyo mwalimu kama kuna anayemfahamu amwambie leo, asingoje kesho. Nasikia jamaa sasa anaonekana Makambako na wengine wanasema Iringa. Njia yake ni hiyohiyo: hatapokea hela siku ya kwanza. Ukimwona muuzaji anakurudishia kishikauchumba kwa mkono wake na kukuhimiza upekuzi ambao atausimamia yeye, nipigie, namba yangu wengi mnayo, nitakuja na askari na nitakuja na bibi.

Shemeji, nimeisikiliza tena ile sauti. Nitakuja nyumbani Jumapili.

Na mawe bado yako kwa bibi. Ananiuliza kwa upole nitayatoa lini, anataka kupanda mvua zikianza. Lori zima, mawe ya msingi, nauza bei ya kutupa, usafiri juu yako. Hayo ni yangu kweli, risiti ninayo.