Yuniti ya watoto maalumu, shule ya serikali hapa Malindi: nyota tatu na nusu

Wazazi wenye watoto wa mtindio wa ubongo huniuliza lile lile stendi: "Baba Zuhura, ile shule ya mtoto wako ikoje?" Jina siliandiki, mwenyeji wa Malindi ataijua tu.

Zuhura ana miaka tisa. Hatembei, shingo humlegea akichoka, mkono wa kulia umekakamaa. Akili yake timamu, mashallah. Ukimuuliza hujibu kwa macho, juu ndiyo, chini la. Shule ya kulipia tuliyoanzia walimtazama mara moja wakasema nafasi zimejaa, na getini limetundikwa bango la kutafuta wanafunzi. Nikawatajia Katiba ya 2010, kifungu cha 54, kile cha haki za watu wenye ulemavu. Nikaambiwa niende wizarani.

Basi msihangaike na mageti. Anzieni kituo cha tathmini cha elimu, kile tunachokiita asesmenti. Vituo hivyo vipo nchini tangu 1984. Barua yao ndiyo iliyotuingiza hapa.

Mkienda kuiangalia shule, nendeni saa ya chakula, tena bila taarifa. Madarasa yaliyopakwa rangi yasiwababaishe. Hapa kuna anti mmoja, mama wa makamo, humkalisha Zuhura wima, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kibao. Yeye mwenyewe hukaa chini kidogo kuliko uso wa mtoto, ili asiinue kidevu. Kijiko cha plastiki, nusu tu, anakigusisha ulimi, anangoja ameze. Hammiminii. Mtoto wetu akilishwa kichwa kimelala nyuma, chakula hupita njia ya hewa kikashukia mapafuni, na ndiyo maana wengine nimonia haiwaishi. Ugali wanausonga laini, maharagwe wanayaponda.

Kiti anachokalia ni cha maboksi. Katoni na makaratasi yamegandishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, yakaanikwa mpaka ukikigonga utadhani mninga. Kina meza mbele na kigingi katikati ya mapaja, miguu isipishane. Kile cha magurudumu alichopewa na wafadhili kilikuwa cha mtu mzima, mtoto akizama humo haonekani ila utosi.

Masomo yenyewe ni polepole, nami sina neno. Mwalimu ana ubao wa picha: maji, choo, panauma, nimechoka. Humwonyesha moja moja, Zuhura akachagua kwa macho. Siku moja katikati ya hesabu akaikodolea "nimechoka" wala hageuki. Mwalimu alicheka, akamwachia.

Sasa kasoro. Choo ni cha shimo na mlangoni pana kizingiti, mtoto lazima abebwe, na pazia hakuna. Msichana anakua huyu! Tumelisema kwenye mkutano, tumeahidiwa, tungali tunangoja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huja akijaliwa, kwa hiyo yale mliyofundishwa hospitali yafanyeni nyumbani kila siku, viungo vikikaza ni kazi kuvirudisha. Halafu darasa ni moja, wenye usonji na wetu pamoja. Mmoja akipiga kelele Zuhura hushtuka mwili mzima ukakakamaa.

Usafiri kwangu si tatizo, naendesha tuktuk, na kutoka Muyeye nawapakia wengine wawili, mama zao hunitilia mafuta. Wa Gede ndio wanaoumia. Makanga huitisha nauli ya kiti cha magurudumu kama abiria wa pili, kwa hiyo kuna mtoto huonekana shuleni Jumatatu na Alhamisi basi. Anayetaka bweni ataambiwa shule ya Port Reitz, Mombasa. Mama Zuhura hataki hata kulisikia.

Hiyo nusu nyota ni ya anti. Analipwa kwa mchango wetu wazazi, na shule ikifungwa hapati kitu. Mkija kuandikisha mtoto ulizieni mchango huo siku ile ile, maana karatasi ya mahitaji waliyotupa sisi haikuutaja.